Upepo Haupokei Amri: Betri Iwekewe Mlinzi

KATIKA kambi za jeshi na kota za polisi, hasa miongoni mwa wale wanaokaribia kustaafu, siku hizi kuna mazungumzo mengi juu ya kupata umeme nyumbani pasipo kungoja nguzo za umeme zifike kijijini. Wengi wamekwisha kununua paneli za sola. Wengine, kwa kuona kwamba jua huzama kila jioni na upepo huweza kuvuma usiku kucha, wameanza kuulizia vinu vidogo vya upepo, vile vyenye mapanga matatu, vinavyosimikwa juu ya mlingoti nyuma ya nyumba ili vichaji betri za taa, za redio na za simu.

Sisi hatuna neno la kuupinga mpango huo. Askari aliyeutumikia umma miaka 20 au zaidi anastahili kusoma gazeti lake usiku kwa taa yake mwenyewe, na watoto wake wanastahili kusoma bila kuvuta moshi wa kibatari. Lakini hapana budi tuseme wazi jambo moja ambalo wauzaji hulitaja mwisho na wanunuzi huliacha ili kupunguza bei: kinu cha upepo kisinunuliwe kabla ya kununua chombo cha kuilinda betri. Mlinzi huyo si urembo wa kuongezwa baadaye fedha zikipatikana. Ndiye wa kwanza katika orodha. Na asiyeweza kumnunua yeye, basi bado hajaweza kununua kinu.

Twawaandikia askari haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha zinazotumika hapa aghalabu ni kiinua mgongo, na kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Ya pili ni kwamba askari ndiye apasaye kulielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Tangu siku za ukuruta amefundishwa kwamba silaha isiyotiwa usalama humtisha mwenye kuibeba kabla ya kumtisha adui.

Upepo si jua

Mtu aliyezoea sola hujidanganya kwa urahisi. Paneli ya sola ni chombo kitulivu. Betri ikijaa, kidhibiti chaji hukata njia ya umeme, na paneli hubaki juani bila kazi na bila madhara. Hakuna haja ya kuifunika wala kuishusha. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba kinu cha upepo nacho chaweza kukatwa vivyo hivyo.

Sivyo. Kinu kinapochaji betri, umeme unaotoka ndio mzigo wake, kama jembe lilivyo mzigo wa ng'ombe alimaye. Mzigo huo ndio unaokizuia kisizunguke kupita kiasi. Njia ikikatwa ghafula, mzigo umeondoka, lakini upepo haukuondoka. Mapanga huongeza mwendo mpaka yakavuma kwa sauti ya kutisha. Volti za jenereta, ambazo hupanda pamoja na mwendo wake, huruka kutoka 12 hadi mara kadhaa ya hizo na kuunguza kilichounganishwa nayo. Panga laweza kukatika na kurushwa uani wanakocheza watoto, na mlingoti waweza kutikisika hadi ukalegea. Kwa hiyo kidhibiti cha kawaida cha sola hakifai kwa kinu cha upepo, hata kama volti zilizoandikwa juu yake zafanana, na hata kama muuzaji ataapa.

Tena nguvu ya upepo haipandi kwa hesabu tuliyoizoea. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo huongezeka mara nane. Upepo wa mita 3 kwa sekunde hutikisa majani tu, na kinu kidogo ndipo huanza kuamka. Ukifika mita 6, nguvu imekuwa mara 8 ya ile ya kwanza. Ukifika mita 12, kama unavyoweza kuvuma mvua kubwa inapokaribia, nguvu imekuwa mara 64. Ndiyo maana kinu kilichoonekana wiki nzima kama kimelala chaweza, dhoruba moja ikivuma, kuipelekea betri umeme mwingi kuliko uwezo wake wa kuupokea.

Njia iliyo sahihi ni kuugeuza umeme, si kuukata. Kidhibiti kilichotengenezwa kwa ajili ya kinu cha upepo huipima betri wakati wote. Volti zikifika kikomo kilichowekwa, humwaga umeme uliozidi katika hita, yaani koili nzito za waya ambazo kazi yake ni kupata moto. Hivyo kinu hubaki na mzigo wake, betri hupumzika, na upepo huvuma upendavyo.

Umeme unaotupwa

Hapa ndipo penye ubishi. Watu wenye akili zao huuliza: Kwa nini nitoe fedha kununua hita ya kutupa umeme, hali nimenunua kinu ili nipate umeme? Swali hili lina sura ya busara. Kwa hakika ni sawa na kuuliza kwa nini askari wa lindo alipwe kwa usiku ambao mwizi hakuja. Umeme uliogeuka joto katika hita haukupotea bure. Umeilinda betri, umekilinda kinu, na umeilinda nyumba pamoja na waliolala ndani yake.

Wala hita hiyo isiwe ya kubahatisha. Lazima iweze kuumeza umeme wote wa kinu wakati upepo unavuma kwa nguvu zake zote, betri imejaa, na taa zote zimezimwa. Kisha ibaki na akiba ya robo. Tuchukue mfano. Kinu cha wati 400 kikichaji betri ya volti 12, ambayo wakati wa kuchajiwa hufika volti 14.4, hutoa ampea kama 28. Hita yake basi iwe ya wati 500 kwa volti hizo, na waya na kidhibiti viwe vya kuhimili ampea 35 au zaidi. Mwenye kufunga balbu mbili za taa za gari mahali pa hita amemweka mtoto mchanga kulinda lango la kambi.

Hita ifungwe mahali penye hewa, juu ya ukuta wa tofali au bati nene, mbali na mapazia, mbali na paa la nyasi, na mbali na betri yenyewe, kwa maana hupata joto la kuunguza ngozi. Mwenye kutaka faida zaidi aweza kuipashia maji ya kuoga, mradi tangi lisikauke kamwe. Hita ya maji ikikauka huungua, na ikiungua, kinu kimebaki bila mzigo, nasi tumerudi katika hatari ile ile ya kwanza.

Jambo hili si la leo

Asidhani mtu kwamba mlinzi huyu ni anasa ya siku hizi. Mwaka 1888 mvumbuzi wa Marekani, Charles Brush, alijenga nyuma ya nyumba yake mjini Cleveland kinu kikubwa chenye upana wa mita 17 na mapanga 144. Umeme wake ulichaji betri zilizowekwa katika chumba cha chini ya nyumba, nazo zilikuwa na seli 408 kwa jumla. Kinu hicho kilitumika miaka ipatayo 20. Na humo Brush alitia kidhibiti chenye kujiendesha, kisichoruhusu volti zipite 90, upepo uvume namna yoyote. Mtu huyo alikuwa na fedha za kununulia betri nyingine, lakini zake hakuziacha bila mlinzi.

Huenda mtu akasema kwamba Brush alikuwa tajiri na mambo ya matajiri hayatuhusu. Basi tutazame Malawi, nchi isiyo mbali nasi. Njaa ya miaka ya 2001 na 2002 ilipoikumba nchi hiyo, kijana William Kamkwamba wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, aliacha shule kwa kukosa karo. Kwa kusoma vitabu vya maktaba alijenga kinu cha upepo kwa feni ya trekta, mabomba ya plastiki, fremu ya baiskeli na dainamo ya taa ya baiskeli. Baadaye akapata betri ya gari ya kuwekea umeme. Kijana huyo alitambua hatari ya nyaya kugusana na kuleta moto nyumbani kwao. Akachukua misumari, akaizungushia waya wa shaba, akatafuta sumaku, akaunda swichi ya kukata umeme yenyewe inapotokea hitilafu.

Vyombo vya watu hao wawili havikuwa vya aina moja, wala havikufanya kazi ile ile. Lakini fikira ilikuwa moja: umeme wa upepo usiingie nyumbani pasipo mlinzi mlangoni. Mmoja alikuwa na kila kitu, mwingine hakuwa na ada ya shule. Kwa hiyo ukosefu wa fedha si udhuru wa kutosha.

Betri ni ghala

Sasa tuitazame betri. Zilizo nyingi mikononi mwetu ni betri za risasi na asidi. Hapa risasi ni ile madini, si ile ya bunduki, ingawa askari hatakosa akilitendea jina hilo heshima yake. Betri ya volti 12 ina seli sita. Ikisukumwa kupita volti 14.4 hivi, umeme hauna tena mahali pa kukaa, ndipo huanza kuyapasua maji yaliyomo yakawa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kukusanyika chini ya dari. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche ya swichi, njiti ya kiberiti au sigara yatosha kuilipua. Betri ikilipuka hurusha vipande vya plastiki na asidi, na kwa kawaida aliye karibu nayo ni yule aliyeinama kuitazama.

Hakuna askari anayeweka sanduku la maguruneti chini ya kitanda cha watoto. Vivyo hivyo betri isiwekwe chumbani mwa kulala, wala jikoni penye moto. Ijengewe kibanda au sanduku nje ya nyumba, lenye kivuli, lenye tundu la hewa chini na jingine juu kabisa. Kidhibiti, swichi na fyuzi visiwekwe ndani ya sanduku hilo juu ya betri, maana hivyo ndivyo vyenye cheche. Maji yakipungua yaongezwe maji safi ya betri yasiyo na chumvi. Yasiongezwe maji ya kisima, wala asidi.

Joto nalo lina hesabu yake. Vipimo vya kuchaji kwa kawaida huandikwa kwa joto la nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi hapo, volti za kuchaji betri ya 12 zapaswa kushushwa kwa kiasi cha 0.03 hivi. Penye nyuzi 35 basi, kikomo cha 14.4 huwa 14.1. Anayeishi mahali pa joto kali anunue kidhibiti chenye waya wa kupima joto la betri. Betri zilizofungwa, ambazo haziongezwi maji, zahitaji uangalifu zaidi, kwani zikichemshwa maji yaliyopotea hayarudi; kikomo chake kifuatwe kama mtengenezaji alivyokiandika.

Ukubwa wa betri pia ulingane na kinu. Betri ya risasi yenye ampea-saa 100 hupenda kuchajiwa kwa ampea 10, na isipite 20. Kinu chetu cha mfano, chenye kutoa ampea 28, chataka betri za ampea-saa 200 kwa uchache. Kikifungwa kwenye betri moja ndogo ya pikipiki kitaipika. Na wakati wa kutumia, betri isimalizwe. Ikiwa imepumzika, betri iliyojaa huonyesha volti 12.7 hivi, na iliyofika nusu huonyesha 12.2. Isishushwe chini ya hapo. Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi ya kuwasha injini mara moja na kujazwa tena. Ikitumiwa kila usiku kwa taa na televisheni hufa mapema.

Wapo sasa wanaonunua betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na hudumu zaidi. Nazo ni njema, ila zina tabia ambayo mwenye kinu cha upepo lazima aijue. Ndani yake mna kifaa cha ulinzi kinachoikata betri ghafula inapojaa. Ikijikata upepo unapovuma, kinu hupoteza mzigo wake kwa dakika ile ile, na volti zinazoruka zaweza kukiua kidhibiti. Kwa sababu hiyo hita iwekewe kikomo cha chini zaidi, ili ianze kazi kabla kifaa hicho hakijaamua kukata. Ama betri zilizoungwaungwa kwa seli kuukuu za kompyuta na simu, hizo tunazikataa kabisa. Zikishika moto hutoa moshi wenye sumu, na moto wake hauzimiki kwa urahisi.

Kwata ya kinu

Jeshi halimwachii mtu abuni jinsi ya kushika bunduki. Huweka kwata, na kwata huokoa maisha ya aliyechoka na ya aliyesahau. Kinu cha upepo chataka kwata yake, iandikwe kwenye kibao karibu na swichi, na kila mtu mzima wa nyumba aijue, mke na mume pamoja.

Msingi wake ni breki. Kila kinu kiwe na swichi ya breki kati ya jenereta na kidhibiti. Katika vinu vingi vidogo swichi hiyo huunganisha pamoja nyaya tatu za jenereta, na mapanga hupunguza mwendo mpaka yakawa yanajikokota. Breki ifungwe upepo ungali mdogo, mtu anapoona mawingu ya dhoruba yakijenga, au anapoondoka nyumbani kwa siku nyingi. Kuifunga katikati ya dhoruba, mapanga yakiwa katika mwendo mkali, kwaweza kuunguza jenereta.

Mwenye kutaka kuigusa betri, kwanza afunge breki na kuhakikisha mapanga yametulia. Pili akate njia ya kinu. Tatu ndipo aifungue betri. Wakati wa kurudisha, mpango ugeuzwe: betri kwanza, kidhibiti na hita zijaribiwe, na breki ifunguliwe mwisho kabisa. Anayeanza kwa kuifungua betri huku mapanga yanazunguka amekiachia kinu kiende kitakako.

Fyuzi iwe karibu sana na kichwa cha betri, maana betri ikigusanishwa nyaya zake yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, zinazotosha kuyeyusha waya na kuwasha paa. Fyuzi ikikatika, ichunguzwe sababu. Kuweka kipande cha waya au msumari mahali pake ni kumnyang'anya mlinzi bunduki kwa kuwa ameamsha watu usiku. Hata hivyo ikumbukwe kwamba fyuzi ya njia ya kinu ikikatika, kinu hubaki huru. Kwa hiyo isiwe ndogo kuliko inavyotakiwa, na breki isiwe mbali.

Anayefanya kazi juu ya betri avue saa na pete, na mpini wa spana auzungushie utepe wa mpira. Miwani ivaliwe. Asidi ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Ikimwagika sakafuni, unga wa magadi huiondolea ukali.

Mlingoti nao uunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba na nondo iliyochimbiwa. Nchi yetu ya Uganda ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi zaidi ya 15 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Chuma kirefu kilichosimama peke yake mlimani hakipaswi kuachwa bila njia ya kuishusha radi ardhini.

Je, upepo upo?

Lipo swali ambalo lingefaa kuulizwa kabla ya yote haya, na muuzaji hatauliza: je, mahali hapo upepo upo? Baadhi ya askari wetu waliotumwa Somalia tangu mwaka 2007 wamejionea jinsi kusi inavyovuma katika pwani ile miezi ya katikati ya mwaka, siku baada ya siku. Si ajabu mtu akirudi kutoka huko akawa na imani kubwa na vinu vya upepo. Lakini upepo wa Mogadishu haupandi ndege pamoja naye. Sehemu nyingi za Uganda zina upepo mdogo, wa mita 3 au 4 kwa sekunde kwa wastani, na kwa kasi hiyo kinu kidogo hutoa umeme haba. Karamoja na baadhi ya miteremko ya milima zina bahati kuliko kwingine. Anayekaa bondeni katikati ya migomba na miembe afadhali aongeze paneli ya sola; hatakuwa amepungukiwa heshima.

Hata palipo na upepo, mlingoti mfupi ni hasara. Kanuni ya kufaa ni kwamba mapanga yawe juu kwa mita 9 kuliko mti au jengo lolote lililo ndani ya mita 90. Umbali huo hudai waya mrefu, na waya mrefu hula umeme. Ampea 28 zikipita katika waya wa shaba wa milimita 16 za mraba kwa mita 30 kwenda na 30 kurudi, wati kama 50 hupotea njiani. Kinu cha nguvu ile ile kikiwa cha volti 24, ampea huwa nusu, na upotevu huwa robo tu. Hesabu kama hii ifanyike kwa kalamu kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Linalotakiwa kufanywa

Ushauri wetu hauishii kwa mtu mmoja mmoja. Katika vikosi vyetu wamo mafundi wa mawasiliano na mafundi wa magari ambao wameshika betri kwa miaka mingi, wanajua kupima asidi na kusoma mita ya volti. Twaona ingefaa kila kambi itenge saa chache kwa mwezi, mafundi hao wawafundishe wenzao na jamaa zao, hasa wale wanaokaribia kustaafu. Jambo hilo halihitaji bajeti mpya. Lahitaji ubao, mita moja na amri ya mkuu wa kambi.

Kwa ndugu zetu polisi tuna neno la pekee. Wao ndio wanaoitwa asubuhi kuandika ripoti juu ya majivu. Wangepunguza kazi hiyo kama, wanapozungumza na wananchi juu ya usalama wa moto, wangetaja betri pamoja na kibatari na jiko la mkaa: zinalala wapi, zina fyuzi au msumari, na ni nani nyumbani ajuaye kufunga breki.

Na kwa wauzaji twasema hivi. Anayemuuzia mtu kinu bila kidhibiti chake na hita yake amemuuzia nusu ya chombo, na hiyo nusu ndiyo yenye hatari. Maelezo yaandikwe kwa lugha ambayo mnunuzi aisoma, na askari wengi wa nchi hii husoma Kiswahili.

Wahenga walisema rahisi ghali. Mwenye kiinua mgongo mkononi na aandike orodha yake hivi: kwanza upepo upimwe, kisha kidhibiti na hita, kisha betri na kibanda chake, waya, fyuzi na breki, na mwisho kinu chenyewe. Fedha zikiisha kabla ya kufika mwisho wa orodha, asilie. Betri na kibanda chake vitafaa kwa sola leo hii. Ama aliyeanza na kinu, fedha zikamwishia hapo, anacho chombo kinachozunguka juu ya nyumba yake usiku na mchana, kisicho na wa kukizuia siku upepo utakapokuja kwa nguvu. Na utakuja, kwa sababu upepo haupokei amri ya afande yeyote.